Mzee Afike Anione

Salamu zililetwa na mama muuza mawese. Alikuwa na kawaida ya kupita mtaani kwetu Kasingirima asubuhi, ndoo kichwani, akinadi tangu kona ya msikiti, na tulimpenda kwa sababu alikuwa hajui kusema kwa sauti ndogo. Akikunong'oneza siri, nyumba ya tatu wanaitikia. Siku hiyo hakunadi. Alitua ndoo barazani, akamwamkia mama yangu kwa Kiha, "Mwakeye," akafuta mikono kwenye khanga, halafu akamgeukia Baba.

"Shikamoo, mzee. Kuna mtu wa ng'ambo yuko Bangwe, pale kwa wakimbizi. Anasema alikuwa anafanya biashara na kijana wako. Anasema, mzee afike anione."

"Marahaba. Kasemaje tena?"

"Hivyo tu. Mzee afike anione."

Akapima mawese, akajitwika, akaenda. Alipofika kona ndipo tukasikia sauti yake imerudi.

Labda kwenye miji mingine maneno hayo hayana uzito. Kwetu Ujiji, habari njema haimwiti mtu. Habari njema inapigiwa kelele toka barabarani: mwanao yupo, mzima, kanenepa, anawasalimu, nipeni maji nimechoka! Habari ya msiba ndiyo inayoita. Mwenye nayo haitumi kwa mdomo wa mpita njia. Anamwita mzee wa nyumba, anamkalisha chini, anampa maji ya kunywa, anamwuliza habari za mvua na za watoto, ndipo anamwambia. Haambiwi kijana, na mwanamke haambiwi mwanzo. Watu wa ng'ambo ya ziwa na sisi wa huku tunafanana katika hilo. Kwa hiyo yule mama alikuwa ameshasema yote, na kwa sababu alikuwa ameshasema yote, nyumba nzima tukaamua kutokuelewa.

"Nitakwenda," Baba akasema. Akainama akaendelea na karabai aliyokuwa ameishika.

Baba alikuwa fundi karabai. Wavuvi wa dagaa walimletea taa zao zilizoziba mdomo, zilizotoboka tangi, zilizokufa pampu, na baraza letu lilinuka mafuta ya taa kuliko kituo cha mafuta. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, ila nilimwona anatupa mchele na kuacha mawe.

"Labda anataka mzigo wake," Mama akasema. "Walikuwa na mzigo wa pamoja, wa chumvi."

"Ndiyo," nikadakia, "au kaka kamtuma atuambie amehamia Lubumbashi. Mtu akienda Lubumbashi harudi upesi, kule kuna reli na taa za barabarani."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nyumbani. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na kichwa changu kilikuwa kimejaa redio. Nilitaka kuwa mtangazaji. Nikianika dagaa, natangaza. Nikichota maji, natangaza hali ya hewa ya kisima. Na tangu kaka yangu alipovuka ziwa asirudi, nilikuwa natangaza habari zake: leo yuko Kalemie anauza sabuni, leo amenunua vitenge vya maua makubwa, leo boti imeharibika lakini fundi ameshapatikana. Walikuwa wanacheka. Mama alikuwa anasema, "Ongeza sauti, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha. Nilijiona nawasaidia.

Kaka alikuwa mfanyabiashara mdogo wa ziwani. Alivuka na chumvi ya Uvinza na sabuni, akarudi na vitenge. Safari yake ya mwisho aliondoka vita vya Zaire vikiwa bado ni maneno ya redioni. Halafu vita vikashuka mpaka ziwani, na boti zikaanza kuja upande wetu zimejaa watu, vyerehani, mbuzi, magodoro, na wazee waliobebwa mgongoni. Hakuna iliyomleta yeye. Ramadhani ikapita. Ikapita na nyingine.

Aliacha mke. Huyo ndiye wifi yangu, na huyo ndiye aliyekuwa kwenye mizani katika jambo hili, ingawa kwa muda mrefu sisi wote tulijifanya aliye kwenye mizani ni kaka. Wifi alitoka Gungu. Alikuwa mrefu kumpita mumewe na alipenda kulitaja jambo hilo mbele za watu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto bado. Alikuwa anapika, anafua, anaanika dagaa na mimi, anakwenda harusini amepakwa hina kama mke yeyote ambaye mume wake yuko safarini. Wazazi wake walishatuma mtu kuuliza kwa adabu: binti yetu ni mke au ni mjane? Maana kama ni mke, tunyamaze, na kama ni mjane, akae eda, imalizike, aendelee na maisha yake, ujana haumngojei mtu. Baba alijibu kwa mkato, "Ni mke. Mumewe yupo."

Siku salamu zilipokuja, wifi alikuwa jikoni. Alisikia. Jiko letu lilikuwa la makuti, lisingeweza kuzuia hata pumzi. Alitoka na mwiko mkononi akauliza kama dagaa watiwe nyanya au mawese.

"Mawese," Baba akamjibu. "Si yameletwa?"

Basi ikawa hivyo.

Wakati ule ulikuwa giza. Kwetu mwezi ukiwa haupo ndipo wavuvi wanapata dagaa, maana dagaa wanafuata taa, na siku hizo fundi karabai hana nafasi ya kujikuna. "Giza hili nikiondoka," Baba akasema, "watu watakwenda ziwani na nini, na vibatari? Mwezi utoke kwanza."

Mwezi ukatoka. Wavuvi wakapumzika, wakashona nyavu, wakaoa. Baraza likawa tupu. Baba akaanza kuumwa goti.

"Goti lipi hilo?" wifi akamwuliza siku moja, anamkandia kwa maji ya moto. "Jana nilikanda la kulia, Baba."

"Limehama."

Tulicheka, na yeye akacheka. Tukicheka namna ile, ungeipita nyumba yetu barabarani ungesema hawa watu wana raha zao.

Goti lilipopona zikaja mvua. Mvua zilipokatika ukaja uvumi wa kipindupindu kule kwenye mabanda ya wakimbizi. "Nikaufuate ugonjwa niulete hapa kwa watoto?" Baba akasema, na wote tuliitikia kwamba hapo amesema kweli. Mama akaongeza lake: wale watu wana shida, mtu mwenye shida anaweza kusema chochote apewe kitenge. Hata jirani wa nyumba ya pili alituletea sababu yake kama anavyoleta chumvi tukiishiwa: "Mambo haya yanataka mtu atulie. Msiyaendee mbio." Hakuna mbio zilizokuwepo. Hakuna hata aliyekuwa amevaa viatu.

Na mimi? Mimi nilivaa. Siku moja nilivaa kabisa, nikasema nyumbani nakwenda kumsalimia shoga yangu, nikashika njia ya Kigoma. Nilijiambia nitafika Bangwe, nitamtafuta huyo mtu, nitamwuliza. Nilipofika Gungu jua likaniuma. Nikajiambia siwezi kupita kwa wazazi wa wifi bila kusalimia, itakuwa dharau. Nikasalimia. Wakaniwekea ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga, mkubwa, mkia umetoka nje ya sahani. Mama yake wifi akanitazama ninavyokula, akauliza, "Hamjasikia chochote?" Nikamjibu mdomo ukiwa umejaa, "Bado, mama, lakini dalili nzuri." Nikanawa, nikageuza, nikarudi Ujiji. Njiani nilikuwa naimba. Ndivyo nilivyo, hata nikitoroka naimba.

Nilichokijua baadaye ni kwamba sikuwa naogopa umbali wala jua. Nilikuwa na kaka aliye hai kila asubuhi, na hilo lilitegemea mimi kutofika Bangwe. Baba naye vivyo hivyo. Kila alipoahirisha alikuwa anamwongezea mwanawe siku moja ya kuishi. Ukiangalia hivyo unaweza kumsamehe. Shida ni kwamba siku hizo alikuwa anazitoa kwenye maisha ya mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa anamkanda goti.

Mama muuza mawese alirudi. Safari hii hakutua ndoo.

"Mzee, yule mtu wa Bangwe anasema wanaanza kupakiwa kwenye malori. Wanapelekwa kambini, huko bara. Anasema amekungoja mpaka amechoka. Anasema, hayo maneno hataki kuyabeba mpaka porini."

Baba aliishika karabai, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akasema, "Kama anaondoka, basi Mungu hakupanga tuonane."

Nilimheshimu baba yangu maisha yangu yote na namheshimu mpaka leo. Lakini siku ile nilimtazama nikaona uso wake umelainika, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alikuwa anafurahi kwamba malori yamekuja. Nikainuka, nikashika njia ya Bangwe. Sikuaga. Sikuvaa viatu vya kutokea, nilikuwa na ndala za bafuni, moja ya kijani moja ya bluu. Nilihisi nikiingia ndani kutafuta viatu nitatafuta mpaka magharibi.

Sehemu ya njia nilitembea, sehemu nilipewa lifti ya baiskeli na kijana aliyebeba mkaa, akanishusha mjini nikiwa mweusi mgongo mzima. Gungu niliipita nimeinamisha kichwa. Bangwe nilifika watu wamepanga vyombo vyao mistari kando ya turubai: masufuria, mikeka, jogoo aliyefungwa mguu. Niliuliza kwa jina la kaka yangu. Mtu wa tatu akaninyooshea kidole.

Alikuwa mtu mzima kiasi, mwembamba, amevaa koti la suti bila shati. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba ya mkonge. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Akaniangalia ndala zangu, akaniangalia usoni.

"Uko dada yake," akasema. "Mwenye kutangaza."

Kaka alikuwa amemsimulia habari zangu.

"Ndiyo, baba. Nimekuja kusikia."

"Na muzee?"

"Mzee anaumwa goti."

Akaendelea kukaza kamba. "Sasa miye niseme na nani?"

"Na mimi."

"Wewe mutoto."

"Mimi si mtoto. Nina miaka yangu."

"Niko na wa kwangu kama wewe. Maneno ya namna hii hapana kumwambia mutoto wa watu amesimama, hana mukubwa pembeni. Ukianguka hapa, nitamwambia nini baba yako? Uende umuite."

"Hatakuja!" Nilipiga kelele mpaka jogoo akashtuka. "Hatakuja leo, hatakuja kesho, mkipakiwa atashukuru Mungu! Niambie tu, kaka yangu yuko wapi?"

Yule mtu alikaa juu ya godoro lake. Akafuta uso kwa mkono wa koti. Ningekuwa na akili ningeelewa kwamba ameshanijibu. Lakini nilikuwa nimefika mpaka pale na bado sehemu moja kichwani mwangu ilikuwa inatangaza Lubumbashi.

"Iko mutu mwingine?" akaniuliza polepole. "Bibi yake iko?"

"Yupo."

"Malori iko nyuma kidogo. Wamesema sisi ni kesho. Umulete yeye. Mwenye mali yake."

Nilirudi nyumbani jioni, nikalala bila kumwambia mtu, na huko kulala hakukuwa kulala. Asubuhi nilimfuata wifi uani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni anafua mashuka, povu limefika viwikoni. Nikamwambia nilikokwenda, nani nimemwona, na alichosema. Nilimwambia kwa sauti yangu ya kawaida, na ilikuwa mara ya kwanza kumpa habari za kaka bila kutangaza.

Hakunitazama. "Ngoja nimalize kufua," akasema.

"Haya."

Akasugua. Akasuuza. Akakamua shuka, akalitazama, akalirudisha kwenye povu lile lile.

"Halafu niwageuze dagaa. Jua hili wataungua upande mmoja."

"Nitawageuza mimi, wifi."

"Na Baba sijamchemshia chai. Na Ijumaa kuna ile hitima kwa jirani, tumeahidi kwenda kusaidia kupika. Labda Jumamosi tungeweza..." Mikono ilisimama ndani ya maji. Alikaa hivyo, anaangalia povu linavyopasuka pasuka, mpaka nikadhani amenisahau. Ghafla akainuka, maji yanamchuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Twende."

"Kabadilishe khanga kwanza, umelowa."

"Nikiingia mle ndani sitoki. Twende hivi hivi."

Baba alituona tunapita barazani. Wifi alimwambia, "Tunakwenda Bangwe, Baba." Hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. Baba alifungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini, maana tulishapita.

Njia nzima hatukuzungumza, isipokuwa Gungu, tulipokaribia nyumba ya wazazi wake. Aliniambia, "Nikigeuka kuangalia, nisukume." Hakugeuka. Khanga yake ilimkaukia mwilini kabla hatujafika mjini.

Malori yalikuwa yamefika. Watu walikuwa wanapanda, watoto wanapitishwa juu kama mafurushi, na mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anaita kwa ukoo. Yule mtu wetu alikuwa bado chini, godoro lake limeshapakiwa. Aliponiona na wifi alivua kofia ambayo jana sikumwona nayo.

"Wewe ni bibi yake?"

"Ni mimi."

"Hakuna muzee hata moja amekuja?"

Wifi alikaa chini. Pale pale mchangani, katikati ya miguu ya watu, akakunja miguu vizuri kama mgeni mkekani. "Nimekaa chini," akasema. "Mvi sina, lakini nimekaa. Niambie."

Mtu yule alichuchumaa. Alimwuliza habari za nyumbani, wifi akajibu nzuri. Akamwuliza habari za mvua, wifi akajibu zimekatika. Akatafuta maji ya kumpa, hakuyaona, akamwomba mama mmoja aliyekuwa na kidumu, akamnywesha kwa kifuniko. Alifuata kila hatua, na lori linaunguruma nyuma yake. Ndipo akamwambia. Walikimbia pamoja kwa mguu kupitia milimani, wakifuata ziwa kuelekea kusini, wakitafuta boti. Kaka aliumwa tumbo la kuhara, kama walivyoumwa wengi. Alikufa karibu na kijito, wakamzika kwenye shamba la muhogo la mtu waliyekuwa hawamjui. Hakuumia siku nyingi. Alimtaja mkewe. Alisema, yule ni mrefu, atafika mbali.

"Lini?" wifi akauliza.

"Zamani, mama. Wale Waislamu tulikuwa nao njiani walikuwa hawajafunga. Walianza kufunga nyuma yake kidogo. Si Ramadhani hii mumemaliza. Ile ingine, ya nyuma."

Wakamwita kwa kipaza sauti. Alimshika wifi mkono kwa mikono yake yote miwili, akanigusa kichwani, akapanda. Hatukulia. Lori lilipoondoka wifi alibaki amekaa palepale mpaka askari mmoja akamwambia, "Mama, wewe si wa hapa, inuka."

Nyumbani Baba alikuwa barazani. Wifi ndiye aliyesema. Mama alipiga ukelele, na majirani wakajaa kabla ukelele haujaisha, nikajua kwamba nao walikuwa wanangoja, kila mtu nyuma ya mlango wake, tangu ile siku ya mawese. Baba hakulia. Alisema neno moja tu, na watu wote walilisikia:

"Nilikuwa nakwenda keshokutwa."

Mwalimu wa madrasa aliitwa. Wifi alikuwa ameshakalishwa ndani, wanawake wamemfunika khanga nyeupe, wanamwandalia kona ya kukaa eda. Mwalimu aliuliza marehemu amefariki lini. Nikamweleza habari ya Ramadhani. Akahesabu kwenye vidole, akahesabu tena. Alikuwa mtu mwema, alisema huku ameinamisha macho.

"Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inaanza siku aliyokufa mume, si siku aliyosikia mke. Eda yako imeshapita, mama. Ilipita mwaka jana."

Wifi alijifunua uso.

"Ilipita nikiwa wapi?"

Mwalimu akavikunja vile vidole alivyohesabia.

"Ile harusi ya mtaa wa pili niliyocheza mpaka nikapoteza kiatu, nilikuwa edani?"

"Hukujua. Huna dhambi."

"Sikuulizi dhambi, mwalimu. Nakuuliza huzuni yangu nitaikaa lini." Akatutazama wanawake wote mle ndani. "Hata mwizi akiiba anakuachia mlango uliovunjika. Mimi sina hata kona ya kukaa?"

Baba, kutoka nje, alisema basi aanze eda leo, ahesabu upya, hapo nyumbani. Mwalimu akakataa: huwezi kumfunga mtu aliyekwisha kufunguliwa. Na hapo nilimwelewa baba yangu kwa uchungu ambao haujanitoka. Hata sasa alikuwa anataka miezi minne zaidi.

Watu wa Gungu walikuja wakamchukua baada ya matanga. Alikusanya vitu vyake bila haraka. Mlangoni nilimshika, nikalia, nikamwita wifi, wifi. Aliniambia, "Ulifanya vizuri kunipeleka. Lakini usije kunisalimia mwaka huu. Nikikuona naona lile lori." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma.

Mtaani walikuwa na maneno yao. Wengine walisema mtoto wa kike kaenda kumzika kaka yake kwa miguu yake mwenyewe, si angemwacha mzee aende. Mama alikuwa hanisemeshi. Akinihitaji anaiambia hewa: "Maji yamekwisha humu." Na Baba, watu wakija kumpa pole, alianza kuwa na jibu la ajabu: "Wanasema amefariki. Mimi mtu hajanikalisha chini akaniambia."

Alilisema kwa mgeni wa kwanza, nikalivumilia. Alilisema kwa wa pili. Alipolisema kwa imamu, nilingoja imamu aondoke, nikaenda jikoni, nikachota maji kwenye kata, nikamletea barazani.

"Baba, kaa kwenye mkeka."

"Nina kazi."

"Kaa."

Nadhani ni sauti yangu iliyomshtua, maana haikuwa na mchezo. Alikaa. Nilimpa maji, akanywa. Nikamwuliza habari za mvua. Aliniangalia, kisha akajibu, taratibu, kwamba mvua zimekatika. Nikamwuliza habari za watoto. Akasema wazima. Ndipo nikamwambia yote, mlima, kijito, shamba la muhogo, kama nilivyoambiwa, bila kuongeza kitu. Mtu aliyekuwa anaijaza nyumba hii Lubumbashi sasa alikuwa hana hata neno moja la kuongeza.

Alipomaliza kusikiliza akauliza, "Alioshwa?"

Sikujua.

"Nani alimsalia? Wale Waislamu waliokuwa njiani, walimsalia?"

"Sijui, Baba."

"Alilazwa kuelekea wapi?"

Sikuuliza. Wifi naye hakuuliza. Tulikuwa wanawake wawili mchangani, tuliuliza yuko wapi na lini, na lori likaondoka. Maswali yale ni ya mzee. Ndiyo maana yule mtu alikuwa anamtaka mzee. Si kwa sababu sisi tungeanguka, au si kwa hiyo peke yake, bali kwa sababu mzee ndiye anayejua cha kuuliza juu ya maiti, na hakuna mwingine duniani aliyekuwa na majibu isipokuwa mtu mwenye koti la suti aliyekaa Bangwe anamngoja mpaka akachoka.

Baba naye aliyaona hayo. Niliona anavyoyaona. Akashika ukingo wa mkeka, akaanza kuusokota.

"Kesho," akasema, "au wiki ijayo, goti likitulia, nitakwenda huko kambini nikamtafute."

Aliyejibu ni Mama. Alitoka ndani amebeba kanzu ya Baba ya kutokea, akaitupa mapajani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniangalia mimi machoni.

"Vaa," akamwambia Baba. "Mtoto atakushika mkono."

Tulikwenda, siku ileile, juu ya lori lililobeba mahindi. Yule mtu hatukumpata. Tulizunguka mabanda kwa mabanda, na mwishowe mwanamke mmoja wa ukoo wake akatuambia amesharudi ziwani, kamfuata mke wake aliyesikia yuko Uvira, na ng'ambo kulikuwa bado kunawaka. Baba alimshukuru, akamwuliza habari za watoto. Wakati wa kurudi tulikaa juu ya magunia matupu, vumbi la barabara limemfanya mweupe nywele na nyusi. Alikuwa amenishika mkono wangu kwa nguvu kama mimi ndiye ninayeweza kudondoka.

"Nisimulie tena," akasema. "Anza pale walipoondoka."

Nikaanza pale walipoondoka.